Wanauliza Maskati Ikoje

Nimerudi Jumanne kwa treni,
miguu imevimba, sanduku halina tena uzito wa madumu,
na kabla sijavua viatu Kanyenye nzima imejaa barazani:
Haya, Kalunde, Maskati ikoje?

Nawaambia: safi. Safi hadi inatia aibu.
Nilishika ganda la ndizi toka hotelini hadi ufukweni,
sikuona pa kulitupa pasipo kuona haya,
nikalitia mkobani, nikalala nalo.
Wanacheka. Wanataka jingine.
Nawaambia: kituo cha basi kina kiyoyozi na mlango wa kioo,
abiria anasubiri humo kama samaki kwenye friji.
Nawaambia: milima yao haina hata jani,
na nyumba zote ni nyeupe, zimejipanga chini yake
kama meno kwenye ufizi.

Songoro, niliyekwenda naye, anadakia:
Msidanganywe! Joto la ndani ya bani
siku ya kukausha tumbaku!
Kwake mji ule ni tumbo lililovurugika siku ya pili,
ni afisa wa uwanja wa ndege aliyefungua asali yetu
akanusa dumu moja moja kama anayetafuta deni lake,
ni msikiti mkubwa alioutoka akiwa amesahau
mlango alikoacha makubadhi,
akarudi hotelini pekupeku, akiruka kivuli hadi kivuli.
Siku saba zilezile, vyumba jirani.
Kama si mhuri kwenye pasi
ningeapa hatukwenda pamoja.

Kuna moja sijawaambia.

Soko la Matrah, baada ya alasiri.
Nauliza bei ya ubani kwa vidole.
Mwenye duka, kilemba cha rangi ya chungwa,
ananijibu kwa Kiswahili,
kile cha zamani, kama nguo iliyokunjwa sandukuni:
Watoka wapi, bibi?
Tabora.
Akaiweka mizani chini.

Bibi yangu, akasema, mzaa baba, alizaliwa huko.
Jina lake Nyamizi.
Kisha akatazama mlangoni
kama mtu aliyetoa hirizi mbele za watu.

Nyamizi wako watatu mtaani kwetu, mmoja ananidai.
Sikumuuliza bibi yake alifikaje bahari ya pili.
Njia ile naijua. Inapita nyuma ya shule niliyosoma,
siku hizi wanauza mkaa kandokando yake.

Usiku aliokufa, akasema,
aliita *Mayo wane, Mayo wane*, hadi adhana ya alfajiri.
Sisi watoto tukajua ni mji.
Baba alinunua ramani ya Afrika, akaitafuta Mayo
kwa miwani, kwa kidole, miaka.
Ni karibu na Tabora?

Nje mtu alikuwa akinadi vitambaa.
Nikamwambia: Si mji.
Ni mama yangu. Alikuwa anamwita mama yake.

Hakulia, msidhani. Alipima ubani,
akaongeza konzi moja, akaongeza ya pili,
akasukuma pesa zangu kwa mgongo wa mkono.
Nami nikamwachia dumu la mwisho, asali ya Sikonge,
ile nyeusi inayokwaruza koo.
Hilo ndilo dumu lisiloonekana kwenye daftari la ushirika.
Songoro ameshahesabu mara tatu. Ahesabu.

Wanauliza tena, waliochelewa kufika:
Maskati ikoje?
Nawapa ganda la ndizi, nawapa samaki kwenye friji,
baraza lote linapiga makofi.
Chetezo kinafuka dirishani.
Na chumbani Mayo anakohoa, anagombeza:
nani kachoma ubani mwingi hivi,
kuna harusi?