Daftari la Kichwa

Barua ilisema: wiki thelathini na nane.
Tumeibandika kwenye friji kwa sumaku ya kondoo,
na kila Jumatatu Emlyn anakata wiki moja kwa penseli,
polepole, kana kwamba penseli nayo ina kelele.

Nayo inayo.

Hapa Blaenau mvua haiombwi. Inakuja kama mwenye nyumba,
inapanda juu ya mapaa ya mawe waliyoyachonga babu zetu,
inahesabu kila bamba kwa kidole cha chuma,
na kichwa changu ni mojawapo.

Kipandauso: aliyekipa jina alikijua.
Kinaanzia shingoni, kwa adabu, kimevua viatu,
kinakwea nyuma ya sikio la kushoto,
kikifika jichoni kinawasha taa zote
na hakuna ajuaye swichi iko wapi.

Nesi wa simu, mwenye sauti ya maziwa, huniuliza:
toka moja hadi kumi, leo ni ngapi?
Jana nilisema saba. Leo ni saba nyingine,
saba yenye kutu.
Andika, aliniagiza, daktari wa Bangor atataka kuona.
Nikaandika: saba, sita, nane, saba,
kisha ukurasa mtupu.
Siku ile sikuweza kushika kalamu.
Daktari atausoma kama siku njema.

Subira yavuta heri, ndiyo;
yangu yavuta mshipa.

Ndani ya friza kuna pakiti ya njegere isiyolika tena,
imeyeyuka na kuganda juu ya paji langu
mara nyingi hata tumeipa jina, Blodwen,
kama shangazi mnene asiyesema.
Kuna mapazia yaliyofungwa kwa vibanio vya nguo.
Kuna vidonge viwili, si zaidi; mfamasia alinikazia macho.
Na kuna Emlyn, mwenye mikono ya kupasua miamba,
aliyejifunza kuosha sufuria ndani kabisa ya maji
ili chuma kisiguse chuma.
Miaka thelathini na moja ya ndoa,
hajanipa neno tamu kuliko ukimya ule.

Asubuhi hii nimefungua daftari.
Ule ukurasa mtupu si mtupu.
Kwa penseli, kwa mwandiko wake unaoinama kama uzio mzee:

Kumi. Nilikuwepo.

Zimebaki wiki kumi na mbili.
Juu ya paa, tone la kwanza
linajaribu kidole.