Sindano Nimeiacha Chini

Dirishani Mpondwe ananiuliza
nakwenda wapi, nitarudi lini.
Butembo, nasema, kumzika dada.
Fomu imenipa nafasi ya kidole kimoja:
*Sababu ya safari.*
Naandika "familia".
Msiba wenyewe haukuenea.

Kifuani pake pameandikwa Baluku.
Baba yangu alikuwa Paluku.
Herufi moja tu, na katikati yake mto
ambao mbuzi huvuka bila picha mbili za pasipoti.

Miaka kumi na tisa nashona Bwera:
sare za shule, magauni ya maharusi,
hata suruali aliyovaa afisa huyu,
pindo lile ni langu, naujua uzi.
Yeye anasoma tarehe kama asiyenijua.

"Kibali chako, mama, kinakwisha Ijumaa.
Ukichelewa huko, utaingia kama mgeni."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Langu nilipewa zamani,
na mpini nimeshaubadilisha mara tatu.
Lakini hilo simwambii. Leo Jumatano,
kaburi linachimbwa kesho,
na barabara ya Beni haina ahadi na mtu.

Anagonga muhuri. Wino bado mbichi,
naupuliza kama uji wa mtoto,
kisha nashika daraja.

Nyumbani, chini ya cherehani,
kuna gauni la Mbambu, nusu mkono.
Sindano nimeiacha chini, imezama kitambaani,
ndivyo mshono unavyongoja
bila kupoteza mahali pake.