Kunguru wa Tisa

Ujumbe ule niliutunga mimi.
Niliandike hilo kwanza, kabla sijaanza kujitetea.
Jumanne, Mtaa wa Aggrey umelowa, duka halina mteja,
Kondo anabandika kioo cha simu ya mtu wa Temeke,
nami naichezea sauti yangu, naishusha, naikwaruza,
mpaka nimekuwa mzee mwenye kikohozi na siri:

"Wanangu, mlioamka na mliolala,
kunguru wa mji huu hawaruki ovyo. Wametumwa.
Alfajiri wahesabuni kwenye waya wa umeme.
Wakitimia tisa, nyumba hiyo imeandikwa.
Fungeni uzi mweusi kwenye mita ya luku,
mafundo matatu,
wala msiseme mmeambiwa na nani."

Kondo alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka.
Kikohozi, alisema, hicho kikohozi ndicho kinaua.
Nikautuma kwa watu wanne. Wanne tu.
Mvua ikakata, tukaenda kula chapati.

Wiki ya tatu ukarudi.
Ulitoka kwangu pekupeku, ukarudi umevaa kanzu:
dua mbele, laana nyuma kwa atakayeufuta,
jicho ndani ya pembetatu,
na mtu, sijui wa wapi, ameongeza
kwamba tarakimu ishirini za luku ukizijumlisha
utaujua mwaka wako.
Chini kabisa mama ameandika:
Mwanangu, jilinde.

Jumamosi nikaenda Yombo.
Uchochoro wa kwa mama naujua kwa nyayo:
mtaro, genge la Mwajabu, ukuta wa NYUMBA HII HAIUZWI.
Na kila mita, uzi.
Hapa wa cherehani, pale rasta za kusukia,
kwa Mwajabu kamba ya kiatu cha shule,
maana nyeusi ni nyeusi.
Nilisimama nikahesabu mafundo.
Wametii hata mafundo.

Nikamwambia. Nilikaa mkekani nikamwambia yote,
nikamtolea sauti ile, na kikohozi kile kile.
Mama hakuacha kuchambua mchele.
"Nilijua ni wewe siku ya kwanza.
Nikuzae halafu nisiijue sauti yako?
Lakini nani alikutia maneno yale mdomoni?
Mbona tisa? Mbona hukusema sita?"

Nilifungua mdomo. Sita ningeweza kuisema.
Kumi ningeweza.

Akaokota kijiwe, akakitupa uani.
"Baba yako tulimzika tarehe ngapi?"

Ndani, juu ya kabati, ipo karatasi ya hospitali,
mwandiko wa daktari, mistari mitatu iliyolala chali.
Miaka minne mama anaifuta vumbi.
Hakuna aliyemsomea. Mimi nilisoma, nikanyamaza,
nikasema nitakueleza siku nyingine, mama,
nikarudi mjini kufungua simu za watu.
Uzi angalau una mafundo, unaweza kuushika.

Siamini. Mjue hivyo.
Ni kwamba sasa naona.
Risiti ya mafuta ya taa, tisa mwishoni.
Chumba cha gesti alichofia jirani yake Kondo, tisa.
Kijana wa jezi tisa akivuka Msimbazi bila kuangalia gari,
nami nimeshika pumzi mpaka afike ng'ambo.
Kondo naye hacheki siku hizi. Jana nilimkuta
anajumlisha luku nyuma ya karatasi ya mteja,
akaikunja haraka, akaniuliza habari za mpira.

Leo nimeamka adhana haijatoka.
Waya wa mbele ya chumba changu unapepesuka.
Mmoja, wawili, wale watatu wanaogombea utumbo wa samaki,
huyu mwenye bawa bovu, hawa wawili.
Wanane.
Nimesimama kibarazani na kikoi, chai inapoa,
mfukoni nina uzi, sikumbuki nimeununua lini,
na juu ya bati la jirani kuna kitu cheusi
ambacho huenda ni mfuko tu wa rambo.