Chakula Kiko Wapi

Leo Fresno inaungua. Kipimajoto cha barazani
kinasoma mia moja na saba, na ni saa kumi tu.
Nimelirudisha basi la shule karakana,
shati limenigandia mgongoni kama bandiko,
nami nimeapa: jiko la ndani haliwashwi leo,
hata aje nani.

Kuku nilimlaza tangu alfajiri.
Vidari vinne, nimevigonga kwa chupa
hadi vikalingana unene,
mtindi, kitunguu saumu, ndimu,
pilipili tamu ile nyekundu inayotia doa kila kitu,
na chumvi nusu kiganja.
Kijiko cha kupimia kilipotea mwezi wa sita
na sikukitafuta.

Uani makaa yamevaa jivu.
Naweka nyama, wavu unalia chwaaa,
moshi unamfuata Andranik kila anapohamia,
kama mdai.

Mama mkwe ameketi mlangoni, feni ya betri mapajani,
miaka themanini na mitatu, jicho halipitwi na kitu.
"Zabel. Hayo majani ni ya nani?"
"Ni chajio, Mama Haykuhi."
"Nimeuliza ni ya nani. Mbuzi wangu nilimwacha Gyumri."

Kwake yeye chakula ni kile kitoacho mvuke.
Chakula kina sufuria, kina mfuniko,
kina mtu aliyesimama juu yake akitoka jasho.
Bakuli la baridi ni la kumzubaisha mgeni
wakati chakula chenyewe kinakuja.

Sijibu. Letasi nimeichambua kwa mkono,
nimeiosha maji matatu,
nimeifunga ndani ya taulo na kuizungusha hewani
mpaka paka akakimbia.
Dengu za kopo. Nyanya za jirani, zimepasuka kwa joto.
Lozi nimezikaanga juu ya makaa hayohayo,
nusu zimeungua, nusu nimezila.
Nafika kwenye tango, nasikia kiti kinalia.

"Lete."
Haweki ubao. Tango kiganjani, kisu kidogo
kinakuja kuelekea kidole gumba, kinasita, kinarudi,
vipande vinadondoka bakulini tap, tap, tap,
havilingani hata viwili.
Huku anatazama kwingine kabisa.

Anatazama njia ya gari.
Pale kwenye ufa wa saruji limejitandaza gugu,
shina jekundu, majani manono kama masikio ya panya,
gugu nililomwambia Shant aling'oe Jumamosi,
na Jumamosi iliyotangulia.
"Hili nalo mnalikanyaga kwa magurudumu!"
Anainama. Sijamwona akiinama tangu Pasaka.
Anakwanyua konzi nzima, anaisukutua bombani,
anarusha ndani ya bakuli langu bila kuomba ruhusa.
Shant anasema, "Mnaona? Uvivu wangu ni mboga."

Nyama nimeipumzisha, supu yake irudi ndani.
Kisha naikata kinyume cha nyuzi,
vipande virefu vyenye alama nyeusi za wavu,
naipanga juu, ingali moto, letasi inanywea kidogo.
Shira ya komamanga, mafuta ya zeituni,
natikisa ndani ya chupa ya jemu, namimina.

Kwa muda hakuna anayesema.
Lile gugu lina uchachu, linateleza, linapasuka menoni,
na nakiri, ndilo lililokuwa likikosekana
miaka yote nikitengeneza kitu hiki.
Mama Haykuhi anakula sahani moja.
Anakula ya pili, akichagua kuku na kujifanya hachagui.
Anachana mkate, anazungusha chini ya bakuli
hadi udongo wa bakuli unang'aa.
Anafuta mdomo. Ananitazama.

"Haya. Chakula kiko wapi?"

Andranik anapaliwa na maji.
Shant ameficha uso ndani ya fulana.
Mimi nachukua kile chombo cha shaba chenye mpini mrefu,
naingia ndani, kwenye joto lile,
na kiapo changu chote,
nawasha jiko.

Kahawa tu. Kikombe kimoja.
Bila sukari, anapaza sauti kutoka uani,
na usiiache imwagike.