Bonde la Katikati

Godoro letu la zamani lilikuwa na bonde.
Miaka kumi na minne tulilichimba kwa uzito wetu,
Baudilio upande wa ukuta, mimi upande wa dirisha,
na usiku, tumegombana hatujagombana,
tukiporomokea katikati kama viazi guniani.

Kisha mgongo wake ukakataa dawa.
Akawa anaamka kwa awamu tatu:
kiwiko, goti, tusi.

Nikafungua kopo la maziwa ya unga:
peso elfu tisini na nne
na kifungo cha koti.

Jumamosi tukashuka ngazi mia na kumi na mbili.
Valparaíso mlima hukupa bure,
tambarare utainunua.

La kwanza lilikuwa na maua ya dhahabu, nene kama keki,
elfu sabini tu.
Nikalikandamiza kwa ngumi.
Ngumi ikazama, na hakuna aliyeirudisha.
"Mwanangu," nikamwambia muuzaji,
"hili ni povu lililovishwa gauni."
Akatazama viatu vyake.

La pili la springi, laki tatu.
Baudilio akajinyoosha, akashusha pumzi
ambayo sijaisikia tangu mama yake apone.
Nikamwambia inuka,
kabla hatujadaiwa hata hiyo pumzi.

La tatu lilikuwa nyuma ya mlango,
plastiki imechanika, rangi ya maji ya kufulia.
Sponji nzito. Nikalibonyeza;
likavisukuma vidole vyangu nje, polepole,
kama mtu mwenye adabu asiyetaka kusumbuliwa.

"Vua viatu. Lala ubavu.
Lala kama kwako, usilale kama mgeni."
Nikapenyeza kiganja chini ya kiuno chake:
kilipita kwa taabu. Vizuri.
Dakika kumi. Muuzaji akakohoa.
Baudilio akakoroma.

Laki na kumi, akasema.
Nikamwonyesha kona yenye doa.
Laki.
Nikamwaga kopo lote mezani.
"Na kifungo?"
"Ndicho kilichobaki."
Akahesabu mara mbili, akanirudishia kifungo:
"Chukua, mama. Baridi inakuja."

Kupanda, sitaki hata kusimulia.
Mgonjwa mbele, mimi nyuma, godoro likitupiga upepo kama tanga,
mpaka kwenye duka la mikate, ambapo kijana wa Eliana
alitua kreti yake, akaingia katikati bila kuulizwa.

Usiku. Sawasawa kama meza.
Hakuna aliyeporomoka.
Kati yetu pakawa na nafasi ya kutosha mbwa,
shuka lake baridi.
Nikalala macho, nikisikiliza meli ikihema ukunguni.

"Ofelia. Uko wapi?"
"Nipo. Upande wa dirisha."
"Mbali."

Sponji nzuri haitoi siri:
sikusikia kitu,
mpaka unyayo wake wa baridi ukagusa kifundo changu.
Miaka kumi na minne,
na leo ndiyo mara ya kwanza
amekuja mwenyewe.