Nusu Saa

Avril,
leo nimekwea tena, kitanzi miguuni kama alivyotufunza baba,
gome likiteleza kwa umande,
hadi kwenye mikungu inayoning'inia kama mikia ya punda.
Magunia mawili: moja la bondeni, moja la mlimani.
Pascoe wa ghalani hachanganyi.
Hugusa, hunusa: "Huyu mwezekeo. Huyu mkunjo."

Lakini walikuwa mti mmoja.
Kasema Dakta Aasen, yule mgeni wa darubini
na viatu visivyojua matope.
Nilidhani ataniambia habari za bahari iliyoingia kati,
za mlima uliopasuka.
Akacheka. Kisiwa hiki,
ukipiga chafya kaskazini, kusini wanakuuliza hali;
na upepo ni uleule,
hubeba chavua bila kuuliza ukoo.

Udongo, akasema.
Mbegu kadhaa ziliangukia chokaa, mchanga wa matumbawe,
nyingine zikabaki kwenye weusi wa volkano.
Za mchangani zilibanwa, zikahangaika,
baadhi zikachanua mapema,
kwa siku moja, labda mbili.
Na siku mbili ni nini? Nani huzihesabu?
Ila wa mapema wakazaa na wa mapema,
wa baadaye wakangojana wenyewe kwa wenyewe,
na watoto wakarithi haraka ya mama zao.
Siku mbili zikazaa juma.
Juma likazaa majuma sita,
hata upepo ukabisha hodi kwa jirani, chavua mkononi,
ukakuta maua yamekwisha kukunja jamvi.

Spishi mbili, bega kwa bega.
Hawakugombana.
Hapakuwa na talaka.
Walipishana tu.

Jana ulipiga simu.
Kwako Sydney saa mbili, kwangu mbili na nusu,
uji wa mama umeshapoa.
Ukauliza: "Mvua imenyesha huko kwenu?"

Kwenu.
Mwaka jana ulisema kwetu.
Sikukusahihisha. Nilisema ndiyo, imenyesha.
Kisha nikakaa na mkono wa simu hewani,
nikihesabu siku mbili.

Pale njia inapopinda, chokaa inapogusana na udongo mweusi,
upo mti mmoja. Dakta aliniwekea alama ya utepe.
Majani yake hayajalegea sawasawa, wala hayajasimama,
kama mtu aliyeitwa na sauti mbili.
Chotara. Katika maelfu, wachache mno.
Pascoe hazinunui mbegu zake:
"Nitaziandika gunia gani?"

Nimetia nne mfukoni.
Nitazifukia nyuma ya jiko, penye majivu.
Huenda zisiote.

Oktoba wanasogeza mishale,
na kiangazi chote saa yako na yangu huwa moja.
Njoo wakati huo.
Usichelewe, Avril.
Wala usiwahi.