Usingoje Alhamisi

Jumamosi alikataa uji.
Hakusema sitaki. Alifunga mdomo tu,
kama mtu aliyefunga duka akaenda kuswali.
Jumapili akakataa tende, yeye Bi Zayana
aliyeijua khalasi na fardhi kwa kuigusa tu gizani.

Bwana Ghassani akapiga simu toka Maskati.
"Joto la Ibra hilo. Mpe maji, tia chumvi kidogo.
Nakuja Alhamisi, nikitoka kazini."
Nikasema sawa.
Nalipwa riali tisini kusema sawa.

Jumatatu nilimwogesha.
Nje, jua limeufanya ukuta usigusike,
na vidole vya miguu yake vi baridi.
Nikazima eyasii, nikamvika soksi za pamba,
nikapandisha mkono hadi magotini, ndipo nikayaona:
mabaka ya zambarau chini ya ngozi,
ramani ya nchi isiyodai viza.
Hina ya Idi ingali kwenye ncha za kucha.
Kwenye mashina, rangi ya moshi.

Daktari wa zahanati akapima presha, akapima sukari,
akasema, bado ana nguvu.
Alipima vyote ila pua.
Pua ilikuwa imechongoka,
na masikio yamelala nyuma, yamekuwa membamba,
kama yanasikiliza kitu upande wa pili wa mto.

Usiku huokota vitu nisivyoviona,
kidole kwa kidole, juu ya shuka,
kama anachambua mchele wa wageni.
Nikampa upindo wa kanga yangu auchambue huo.
Kiarabu kimemtoka kwanza, cha wanawe,
cha majlisi, cha miaka hamsini.
Kimebaki cha Wete, cha utotoni:
"We Mize, funga mlango, mama anapita na maji."
Mimi si Mize.
Nikafunga mlango.

Jumatano asubuhi akaamka.
Macho maangavu. Akaagiza kahawa, akataka mto wa pili,
akauliza mbuzi siku hizi bei gani.
Raya, mkwewe, akalia kwa furaha, akapiga simu Maskati: mama kapona!
Mimi jikoni nikasugua sufuria iliyokwisha takata.

Mwamko huo naujua kwa kusimuliwa.
Mama yangu, Pangani, siku moja kabla,
aliomba kisamvu, akala, akacheka.
Dada akanipigia: usihangaike na tiketi, mama mzima.
Sikuhangaika.
Pasi yangu ilikuwa kabatini mwa watu,
na kuamini kulikuwa rahisi kuliko nauli.

Adhuhuri nikainua simu ya nyumba mwenyewe.
"Bwana, usingoje Alhamisi."
"Raya kasema amekunywa kahawa."
"Amekunywa. Washa gari."
Kimya. Nikasikia mtu akigonga mihuri ofisini kwake.
"Nani kakuambia?"
Ningemjibu nini? Soksi? Pua?
Mchele usioonekana?
"Miguu," nikasema. "Miguu imetangulia."

Magharibi pumzi zikaanza kuachana.
Anavuta, anavuta, anaacha.
Kooni mlio, kama maji ya falaji
yanapopita chini ya jani lililonasa.
Nikamlaza ubavu wa kulia, uso kibla,
nikachovya pamba kwenye zamzamu, nikapitisha midomoni.
Raya akasoma Yasini, akakosea, akarudi nyuma, akaanza upya.
Sikulia. Nilikuwa nahesabu.
Kumi na nne. Kumi na tisa.
Yale nisiyoyahesabu kwangu nayahesabu hapa,
kwa mama wa mtu,
na sijui kama thawabu yake huvuka bahari.

Ishirini na mbili,
kisha changarawe uani zikalia chini ya magurudumu.
Mlango wa gari. Viatu vikavuliwa kwa pupa, kimoja kikaanguka ngazini.
Nikainuka kitandani.
Nikampa nafasi yangu, na pamba,
ingali mbichi.